Pembe na Springi: Historia ya Umbo la Baiskeli za Kuteremkia Milima

Baiskeli ya kuteremkia milima, ambayo kazi yake ni kushuka njia yenye mawe, mizizi na makorongo kwa muda mfupi kuliko mpinzani, ina mambo mawili yanayoitofautisha na baiskeli nyingine, na mambo hayo hayakuipata kwa wakati mmoja. La kwanza ni shokapu, yaani springi pamoja na kizuizi cha mafuta kinachoituliza isirukeruke baada ya kubonyea. Hili lilienea katika muongo mmoja tu, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kukomaa kwenye pikipiki na lilikuwa kitu cha kununuliwa na kufungwa. La pili ni vipimo vya fremu, yaani pembe za mabomba yake na urefu wake, ambavyo havikuhitaji teknolojia yoyote mpya, lakini vilichukua takriban miaka 30 kurekebishwa, kwa sababu waliovipanga waliitazama baiskeli ya mlimani kwa macho yaliyozoea baiskeli ya barabarani.

Mchezo wenyewe ulikulia katika kaunti ya Marin, kaskazini ya San Francisco katika jimbo la California, ambako vijana walikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn Excelsior za miaka ya 1930 na 1940, wakazivua madigadi na mapambo, kisha wakateremka nazo njia za magari ya zimamoto. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Repack, katika njia ya kilomita 3.4 hivi inayoshuka kiasi cha mita 400. Jina hilo lilitokana na kazi iliyofuata kila mteremko: breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo hukamata pale pedali zinaposukumwa kinyumenyume, na joto lake lilikuwa kali kiasi cha kuichoma grisi ikatoka moshi, hivyo kitovu kililazimika kufunguliwa, kufutwa na kupakwa grisi upya, kazi iitwayo repack kwa Kiingereza, kabla ya mbio nyingine. Rekodi ya njia hiyo ilishikwa na Gary Fisher kwa dakika 4 na sekunde 22, huku Joe Breeze akiachwa kwa sekunde 2 tu.

Mwaka 1977 Breeze huyo aliunda fremu mpya mahususi kwa njia hizo, na kwa busara alinakili vipimo vya Schwinn, ambayo pembe ya bomba lake la usukani, ikipimwa kutoka ardhini, ilikuwa nyuzi 67 au 68. Bomba hilo ndilo linaloshika uma wa mbele, na kadiri pembe yake inavyopungua ndivyo linavyolala nyuma zaidi na kulitanguliza gurudumu mbele ya mwendeshaji, kama ilivyo kwenye baiskeli nzito za Raleigh na Phoenix zilizobeba magunia na abiria katika vijiji vya Afrika Mashariki. Baiskeli ya namna hiyo ni nzito kuikunja katika mwendo wa polepole, lakini ikishika kasi haiyumbi.

Urithi huo ulitupwa haraka. Katika miaka ya 1980 baiskeli za mlimani ziligeuka bidhaa ya viwandani, mashindano yaliyotangazwa zaidi yakawa ya nyika, ambayo ushindi wake hupatikana kwenye kupanda, na pembe ya usukani ikasimamishwa hadi nyuzi 71 ili baiskeli iwe nyepesi kuongoza kwenye kilima. Kosa lililomo katika kipimo hicho huonekana kwa hesabu ndogo. Baiskeli yenye nyuzi 71 ikiingia kwenye mteremko wa nyuzi 20, fremu nzima inainama kwa kiasi hicho, na bomba la usukani ambalo kwenye tambarare lililala nyuma sasa linasimama wima kabisa, huku uzito wa mwendeshaji ukisogea juu ya gurudumu la mbele. Jiwe dogo likilizuia gurudumu hilo, mwendeshaji anapita juu ya usukani. Fremu ya nyuzi 63 katika mteremko uleule ingali na nyuzi 7 za akiba. Hata hivyo, mazoea ya barabarani yalikuwa na nguvu kiasi kwamba John Tomac, mmoja wa waendeshaji hodari wa wakati wake, alishiriki Mashindano ya Ubingwa wa Dunia ya mwaka 1990 huko Durango, Colorado, akitumia usukani uliopinda chini wa baiskeli ya barabarani.

Mashindano hayohayo ya Durango ndiyo yaliyoitambulisha shokapu kwa ulimwengu. Greg Herbold, bingwa wa kwanza wa mteremko, alitumia uma wa RockShox uliobuniwa na Paul Turner, mtu aliyetoka katika ufundi wa pikipiki, na ambao ulibonyea milimita 48 tu. Kiasi hicho leo hakitoshi hata kwa baiskeli ya nyika, lakini kilitosha kuliweka tairi ardhini pale ambapo uma mgumu ungelirusha hewani, na tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki. Baada ya hapo mbio za kuongeza urefu wa mwendo wa shokapu hazikusimama mpaka ulipofika milimita 200 mbele, kiwango ambacho hakijabadilika sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyuma, baiskeli ya Santa Cruz V10 ilifikia inchi 10, yaani milimita 254, kabla ya watengenezaji wake wenyewe kupunguza.

Shokapu ya nyuma ilikuwa tatizo gumu zaidi, na chanzo cha ugumu huo ni mnyororo. Pikipiki ina injini yenye nguvu za kutosha, kwa hiyo nguvu kidogo ikipotea hakuna anayejali. Mwanadamu hana anasa hiyo. Gurudumu la nyuma likifungwa kwenye mkono mmoja unaozunguka katika egemeo lililo karibu na pedali, kila msukumo wa mguu unavuta mnyororo, nao unaibonyeza au kuinyanyua shokapu. Kinyume chake, gurudumu likipanda juu ya jiwe umbali kati yake na pedali unaongezeka, na mnyororo unazirudisha pedali nyuma chini ya nyayo. Horst Leitner, mhandisi Mwaustria aliyetoka katika pikipiki za motokrosi, alitoa jibu lililodumu: aliweka egemeo la ziada mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, ili ekseli ibebwe na kipande kinachoelea kati ya viungo vinne badala ya mkono mmoja mgumu, na hivyo njia ya gurudumu, nguvu ya mnyororo na nguvu ya breki viweze kupangwa kila kimoja kwa namna yake. Hataza yake ilinunuliwa na kampuni ya Specialized mwaka 1998, na mpaka muda wake ulipokwisha katika miaka ya 2010, kampuni za Ulaya zilizotumia egemeo hilo nyumbani hazikuweza kuliuza Marekani bila ruhusa. Sehemu kubwa ya wingi wa mifumo iliyobuniwa kipindi hicho, kila mmoja ukidai ubora wa kisayansi, ilitokana na haja ya kuikwepa hataza hiyo.

Jinsi mnyororo unavyoingilia kazi ya shokapu ilidhihirika hadharani mwaka 2015 huko Leogang, Austria, mwendeshaji Aaron Gwin alipokatikiwa na mnyororo mara tu alipotoka kwenye lango la kuanzia, akateremka njia yote bila kupiga pedali na akashinda mashindano ya Kombe la Dunia. Ushindi huo ulitokana kwanza na umahiri wa kutunza kasi, lakini wahandisi hawakushindwa kugundua kwamba shokapu yake ilikuwa huru kabisa. Karibu na wakati huohuo kampuni ya Commencal ya Andorra ilifufua wazo la zamani la kuweka egemeo juu sana, ili gurudumu lirudi nyuma linapopanda na kuliepa jiwe badala ya kugongana nalo, na mnyororo ukapitishwa juu ya puli ndogo karibu na egemeo ili usivutike. Puli huongeza msuguano na kelele. Hata hivyo, Amaury Pierron alitwaa Kombe la Dunia la mwaka 2018 akiwa juu ya baiskeli ya aina hiyo.

Vipimo vya fremu vilirudi kwenye akili timamu polepole zaidi, nyuzi moja baada ya nyingine. Hatua kubwa ilichukuliwa mwaka 2012 na kampuni ya Mondraker ya Hispania, ambako mhandisi Cesar Rojo, aliyewahi kuwa mshindani wa mteremko, alirefusha sehemu ya mbele ya fremu na kufupisha shingo ya usukani hadi milimita 10, mwendeshaji akabaki katikati ya magurudumu badala ya kuning'inia juu ya lile la mbele. Wazo hilo lilipokewa kwa kejeli kabla ya kuigwa na karibu kila kiwanda, na pembe ya usukani leo ni nyuzi 63 au chini yake kidogo.

Magurudumu yaliingia katika mjadala mwisho. Mwaka 2017 timu ya Santa Cruz ilifika Lourdes, Ufaransa, na magurudumu ya inchi 29 badala ya 27.5, na wapinzani wakalalamika, lakini wiki chache baadaye Greg Minnaar wa Afrika Kusini, mwenye mwili mrefu, alishinda nayo Fort William, Uskoti. Kwa waendeshaji wafupi, hata hivyo, tairi kubwa la nyuma liligusa makalio kwenye miteremko mikali. Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zilitaka magurudumu yote mawili yalingane, na sharti hilo lilipoondolewa mwaka 2019, Loïc Bruni wa Ufaransa alishinda ubingwa wa dunia mwaka huohuo huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, kwa baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma.