Maandishi ya Mielekeo Miwili

Mjenzi wa tovuti anayeandaa ukurasa wa Kiarabu kwa wateja wa Omani hukutana mapema na kioja cha namba ya simu. Ameandika sawasawa: alama ya kujumlisha, 968, kisha makundi mawili ya tarakimu yaliyoachiwa nafasi katikati. Ukurasa ukifunguka, kundi la mwisho limekaa kushoto kabisa, 968 imesukumwa kulia, na alama ya kujumlisha imening'inia nyuma yake. Mteja akizifuata tarakimu kutoka kushoto, hampati mtu. Hayo ndiyo maandishi ya mielekeo miwili yaliyoachwa bila maelekezo.

Nimechagua kusema "mielekeo" kwa makusudi. "Maandishi ya pande mbili" yangekuwa mepesi kutamka, ila pande mbili tumezizoea katika mikataba na katika karatasi iliyochapwa mbele na nyuma. Hapa jambo ni mwendo: jicho linaelekea wapi linaposoma. Herufi za Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu ndani ya sentensi hiyohiyo hupangwa kushoto kwenda kulia, mamia yakitangulia makumi. Kwa hiyo hata ukurasa wa Kiarabu kitupu, ukishatiwa mwaka au bei, una mielekeo miwili.

Kompyuta huhifadhi herufi kwa mfuatano wa kusomwa. Mahali pa kuzionyesha hukokotolewa baadaye kwa kanuni za Unicode, kiwango cha herufi za kompyuta. Herufi zina mwelekeo wake thabiti, tarakimu zina mwelekeo dhaifu, na nafasi, mabano na alama nyingi hazina mwelekeo, hufuata majirani. Ndiyo sababu nafasi zilizo kati ya makundi ya tarakimu zilifuata Kiarabu na kuyapangua. Dawa ni kuifungia namba ndani ya tagi yake yenye dir="ltr", yaani kushoto kwenda kulia. Jina la mteja, ambalo hujui litaandikwa kwa herufi gani, livikwe tagi ya bdi ili mwelekeo wake usiyavuruge maneno ya jirani.

Wengi hudhani kwamba kutaja lugha kunatosha. Hakutoshi. Ukurasa ukiandikwa lang="ar" pekee hautageuka; ni lazima uongezewe dir="rtl", yaani kulia kwenda kushoto. Na hivyo ndivyo inavyopasa, maana mwelekeo ni wa hati, yaani mfumo wa herufi, wala si wa lugha. Ushahidi tunao nyumbani. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla ya Kilatini kutawala. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ulitungwa Pate na kuandikwa kwa hati hiyo. Lugha moja, mielekeo tofauti. Leo anayetaka kuweka miswada ya aina hiyo mtandaoni anao msimbo wa sw-Arab wa kuitambulisha hati, na bado atahitaji dir="rtl". Afrika Magharibi nako kuna N'Ko, hati aliyoibuni Solomana Kanté mwaka 1949, inayoandikwa kulia kwenda kushoto. Anayeliona suala hili kuwa la Waarabu peke yao ameliona nusu.

Lililo zito zaidi ni mpangilio wa ukurasa wenyewe. Mjenzi aliyezoea Kilatini huamuru: acha nafasi kushoto, weka menyu kushoto. Ukurasa ukigeuka, amri zake hazigeuki, na maneno yanabanwa ukingoni. CSS ya sasa, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ina sifa kama margin-inline-start, isiyotaja kushoto wala kulia. Kiswahili chake naona ni "mwanzo wa mstari", na mwenzake "mwisho wa mstari". Maneno hayo hayahitaji kuundwa, kila mwanafunzi anayajua, na yanabaki kweli ukurasa uwe wa Kiingereza, Kiurdu au Kiebrania. Mshale wa kurudi nyuma nao ugeuke pamoja na maandishi. Kitufe cha kuchezesha video na nembo ya kampuni vikae kama vilivyo.

Walimu wanaofundisha kujenga tovuti kwa Kiswahili wazitumie istilahi "mwanzo" na "mwisho" tangu somo la kwanza la CSS, wasingoje mwanafunzi apate kazi ya Kiarabu. Kushoto na kulia wamfundishe kwa vile vitu vichache tu visivyopaswa kugeuka.