Herufi nne zilizopotea kwenye ngozi

Leo naweka tarakilishi kando kidogo. Juzi dada yangu alinipigia simu: ukurutu wa mwanawe umezidi, na mafuta anayompaka ni kama hayasaidii. Nikaanza kupekua.

Tabaka la juu kabisa la ngozi, sehemu nyingi za mwili, ni jembamba kuliko unywele. Zamani wataalamu wengi waliliona kama takataka tu: chini ya darubini lilifanana na kikapu kilichofumuka. Kumbe dawa za kuandalia vipande vya ngozi ndizo zilizoyeyusha mafuta yake! Chombo cha kupimia kiliharibu kinachopimwa. Wanaprogramu wenzangu mnalijua hilo.

Mwaka 1952, Irvin Blank wa Marekani alichukua sugu iliyokauka akaitia kwenye mafuta. Ikabaki ngumu. Akaitia maji, ikalainika. Kwa hiyo kinacholainisha ngozi ni maji. Kazi ya mafuta ni kuyazuia yasitoke.

Kufikia 1975 Alan Michaels na wenzake walilieleza tabaka hili kama ukuta. Matofali ni seli zilizokufa, zimejaa protini ya keratini. Saruji ni mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndani ya matofali kuna pia filagrini, protini ambayo hatimaye humeng'enywa kuwa vipande vidogo vinavyoshika maji.

Mwaka 2006 timu ya Irwin McLean, huko Dundee, Uskoti, ilionyesha kuwa hitilafu mbili katika jeni ya filagrini huongeza hatari ya ukurutu. Moja ni kupotea kwa herufi nne tu za DNA. Herufi zinazofuata zote husomwa vibaya, kisha usomaji hukatika. Karibu asilimia 9 ya watu wenye asili ya Ulaya wanabeba moja ya hizo mbili.

Lakini kwa Waafrika hitilafu hizo mbili ni nadra sana, na ukurutu tunao! Kipimo kinachotafuta hizo tu kitasema mtoto wetu hana kasoro, naye anajikuna usiku kucha. Orodha ya makosa iliandikwa kwa kuangalia ngozi za wengine. Yetu inahitaji kuandikwa pia.

Dada nimemwambia ampeleke kwa daktari wa ngozi, na ampake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Akacheka: "Si ndivyo mama alivyokuwa akitufanyia?"

Ndivyo. Kwa leo ni hayo tu.