Mbwa wa Azande na Chimbuko la Elimu ya Hofu ya Mbwa

Historia ya kumtunza mbwa kusini mwa Sudan ya zamani haitengani na historia ya uwindaji, kwa kuwa miongoni mwa Azande, ambao makao yao yameenea Ikwetoria ya Magharibi hadi ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mbwa alifugwa kwanza ili aandamane na watu porini. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Georg Schweinfurth, aliyefika kwao mwaka 1870, aliwaeleza mbwa hao kuwa wadogo, wenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, na kila mmoja alivishwa shingoni njuga ya mti ili asipotee katika nyasi ndefu. Njuga hiyo ilihitajika zaidi kwa sababu mbwa wa aina hii, anayejulikana leo duniani kwa jina la basenji, habweki kwa kawaida, na bila mlio wake mwindaji asingejua mnyama anafukuziwa upande gani. Schweinfurth aliandika pia kwamba mbwa hao waliliwa, kwa hiyo si sawa kuyapamba maisha yao. Hata hivyo, mbwa aliyekuwa hai alikuwa na kazi, na kazi hiyo aliifanya pamoja na watu.

Uingereza ilianza kuwazalisha mbwa hao kwa mafanikio katika miaka ya 1930, na mwaka 1959 mfugaji Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyeitwa Fula. Lakini mchango mkubwa zaidi wa basenji katika elimu ya hofu ya mbwa ulitokea Marekani, katika maabara ya Bar Harbor, Maine, ambako John Paul Scott na John L. Fuller waliwalinganisha na mbwa wa aina nyingine nne, wakachapisha kitabu chao mwaka 1965. Waligundua kwamba watoto wa basenji walimwogopa sana binadamu walipokuwa na umri wa wiki tano, wakamkimbia kila aliposogea, lakini waliposhikwashikwa kila siku hofu hiyo ilipungua upesi. Kutokana na utafiti wa maabara hiyo lilipata nguvu wazo la kipindi nyeti, yaani muda mfupi wa utotoni, takribani kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili, ambapo mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Jaribio jingine la hapo hapo, lililochapishwa mwaka 1961, lilionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokulia ndani ya uzio bila kuguswa na mtu hadi wiki ya kumi na nne walikuwa kama wanyama wa mwituni, na ilikuwa vigumu mno kuwazoeza.

Matokeo hayo yanaihusu moja kwa moja Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, na mitaa yake kama Nyakuron, unaofahamika kwa kituo chake cha utamaduni. Mji ulipanuka haraka baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 uliomaliza vita kati ya kaskazini na kusini mwa Sudan, kuta na mageti yakaongezeka, na mbwa aliyetoka katika jamii za wawindaji akageuzwa mlinzi wa ua. Mbwa wa namna hiyo akifungwa mnyororo tangu udogoni, bila matembezi wala mtu wa kucheza naye, hukua akiwa na hofu. Naye mwenye nyumba, akimwona anavyoruka na kung'ata, hudhani amepata mbwa hodari. Kumbe huo si uhodari bali ni ukali wa mnyama aliyenyimwa wenzake, na hatari yake ni kubwa zaidi mahali ambapo kichaa cha mbwa kingali kinaua watu.

Basi mwenye mtoto wa mbwa Nyakuron na amzoeshe mikono ya watu wa nyumbani kabla wiki kumi na mbili hazijapita, watoto wakiwa chini ya uangalizi, ampeleke kuchanjwa, na kila jioni amfungue mnyororo watembee pamoja.