Kutoka Mbung'o hadi Ngitili: Historia ya Ekolojia na Uainishaji wa Mimea Shinyanga

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayekwenda Shinyanga kukusanya data za ekolojia hukuta nyika iliyokwisha kuchunguzwa kwa takribani karne moja. Makala hii inajadili chimbuko la uchunguzi huo. Hoja yake ni kwamba miti ya Shinyanga ilianza kuainishwa kwa kina ili vichaka vifyekwe, na kwamba uhifadhi ulifanikiwa baada ya maarifa ya wafugaji Wasukuma kupewa nafasi.

Elimu ya kufyeka

Mbung'o, waenezao malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, hujificha vichakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, alifanya jaribio Shinyanga: nyasi zilizuiwa kuchomwa mapema ili moto wa mwishoni mwa kiangazi uwe mkali kiasi cha kuua vichaka. Kazi hiyo ilitegemea maelfu ya Wasukuma waliokusanywa kupitia watemi wao. Baadaye Swynnerton aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o, ambayo makao yake yalikuwa Shinyanga.

Ili kuamua kichaka kipi kiondolewe, ilibidi kwanza kijulikane kwa jina. Jukumu hilo lilimwangukia mtaalamu wa mimea B. D. Burtt, ambaye jina lake limehifadhiwa katika jenasi Burttia. Mtafiti mwingine, C. H. N. Jackson, aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachia na kuwanasa tena ili kukadiria idadi yao. Mbinu ya aina hiyo hufundishwa vyuoni hadi leo. Swynnerton na Burtt walifariki pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Spishi kadhaa zina majina yao, ilhali Wasukuma walioshika mashoka hutajwa katika historia hiyo kwa wingi wao tu, kama nguvu kazi.

Ardhi iliyofunguliwa ilijaa mifugo na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasukuma wengi walihamia magharibi, Geita, ambako dhahabu ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930.

Ngitili na HASHI

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kutunza malisho, yaani ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa wakati wa kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 uliwatenganisha wengi na ngitili zao.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanzishwa mwaka 1986, uliweka mkazo mwanzoni kwenye vitalu na upandaji wa miti, mingi ikiwa ya kigeni. Baadaye uligeukia ngitili, zikilindwa kwa maamuzi ya dagashida na ulinzi wa sungusungu. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta, na ulipofungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshewa uoto. Ngitili zikawa uwanja wa tasnifu za vyuo vikuu vya umma, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Hitimisho

Mwaka 2005, mkutano wa wanabotania mjini Vienna uliridhia jina Acacia libaki kwa miti ya Australia. Migunga ya Afrika sasa imegawanywa katika Vachellia na Senegalia. Hivyo tasnifu za awali zinataja migunga ya Shinyanga kwa jina lililokwisha kubadilishwa, wakati mfugaji anaendelea kuiita alivyoiita babu yake.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kila tasnifu iandike jina la Kisukuma kando ya lile la Kilatini na kumtambua, kwa ridhaa yake, mwenyeji aliyelitoa. Jambo hili ni la haraka zaidi Geita, ambako uchimbaji na mkaa vinamaliza miti: mti ukishatoweka, wa kulikumbuka jina lake hupungua kila kizazi.