Sauti Iliyozikwa Boğazköy

Mwishoni mwa mwaka 1878 kilitoka mjini Leipzig kitabu cha Kifaransa, kurasa mia tatu hivi, kuhusu irabu za kale za lugha za Kihindi-Kiulaya. Mwandishi wake, Ferdinand de Saussure wa Geneva, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 21. Udaktari wake aliupata 1880, tena kwa tasnifu nyingine kabisa. Anayesoma isimu historia linganishi ya lugha za kale katika shahada ya uzamili hana namna ya kukikwepa kitabu hicho, na wengi hukichukia kwanza: kikavu, kimejaa fomula, kinadai Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini kwa wakati mmoja. Mimi nakipenda kwa sababu ya yaliyotokea miaka hamsini baadaye, mbali sana na Leipzig.

Njia yenyewe ya kulinganisha lugha huanzia Calcutta. Mwaka 1786 hakimu Mwingereza, William Jones, aliwaambia wanachama wa jumuiya yake ya wasomi kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kuwa jambo la bahati. Lazima vimetoka chimbuko moja ambalo huenda halipo tena. Rask wa Denmark na Grimm wa Ujerumani wakaonyesha kuwa mfanano huo una utaratibu: penye *p* ya Kilatini, lugha za Kijerumani zina *f*, neno baada ya neno.

Kufikia miaka ya 1870, Leipzig ilikuwa na kundi la wasomi vijana, Leskien, Brugmann na Osthoff miongoni mwao, waliolishikilia jambo hilo kwa ukali wa kidini. Sauti ikibadilika katika mazingira fulani, walisema, hubadilika katika kila neno lenye mazingira hayo. Ukikuta neno kaidi, usilisamehe. Tafuta kanuni nyingine iliyojificha nyuma yake. Wazee waliwacheka. Saussure aliyekuja kusoma hapo mwaka 1876 aliichukua imani hiyo akaifikisha mahali ambapo wenyewe hawakuthubutu kufika.

Tatizo lake lilikuwa hili. Katika Kigiriki, irabu ya mzizi hubadilika au kutoweka kadiri ya umbo la kitenzi: *leipo*, naacha, *leloipa*, nimeacha, *elipon*, niliacha. Mara *e*, mara *o*, mara hakuna kitu. Lakini ipo mizizi inayokaidi, kama ule wa kusimama: Kilatini kina *stare* chenye *a* ndefu, na *status* chenye *a* fupi. Hapo *e* iko wapi? Saussure akajibu kwamba ilikuwapo, ikifuatwa na sauti nyingine. Sauti hiyo ilipopotea, iliirefusha *e* na kuigeuza *a* ndefu. Na pale ambapo *e* haikuwapo, sauti hiyo ilibaki peke yake ikawa *a* fupi. Kwa hiyo mizizi kaidi haikuwa kaidi hata kidogo.

Shida ni kwamba sauti hiyo haikuonekana katika lugha yoyote iliyojulikana wakati huo. Saussure aliandika mbili za namna hiyo kwa herufi tu, bila kusema zilitamkwaje. Hermann Möller, msomi wa Denmark, ndiye aliyependekeza kuwa ni sauti za kooni kama za lugha za Kisemiti. Aliyepita madrasa atazifikiria *ha* na *aini*. Wengi walikipokea kitabu kwa baridi. Konsonanti zilizobuniwa na kijana ili hesabu yake itimie! Saussure akaenda Paris, kisha akarudi Geneva, na akafariki Februari 1913.

Wakati huo ushahidi ulikuwa umeshatoka ardhini, ila hakuna aliyeweza kuusoma. Tangu 1906 Hugo Winckler na Theodor Makridi walikuwa wakichimba Boğazköy, kijiji kilicho mashariki ya Ankara, wakapata maelfu ya vibao vya udongo vya mwandiko wa kikabari. Palikuwa Hattusha, mji mkuu wa Wahiti. Mwandiko ulifahamika, lugha ya vibao vingi haikufahamika. Mwaka 1915, vita vikiendelea, Mcheki Bedřich Hrozný aliiona alama ya mkate, karibu yake kitenzi kinachofanana na *edo* cha Kilatini, nakula, na mbele kidogo neno *watar*. Lilikuwa maji, kama *Wasser* ya Kijerumani. Kihiti kilikuwa ndugu wa Kigiriki na Kisanskriti, na kimeandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo.

Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz wa Poland akaunganisha mambo hayo. Kihiti kina *h* nzito mahali ambapo ndugu zake hawana kitu, na mara nyingi ni pale pale aliposema Saussure. Kulinda ni *pahs-*. Kilatini kina *pascere*, kuchunga, chenye *a* ndefu (na *pastor*, anayeitwa pasta katika makanisa ya Nairobi). Mbele ni *hanti*. Kigiriki kina *anti*. Haikuwa safi kabisa: *status* haina *h* yake katika Kihiti, na idadi ya sauti hizo bado inabishaniwa, ingawa wengi wanakubali tatu.

Njia hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 1899, Leipzig hiyo hiyo, kilichapishwa kitabu ambamo Carl Meinhof, mchungaji wa Kilutheri, alizipima lugha za Kibantu kwa vipimo hivyo. Kanuni ya Dahl, ambayo Meinhof aliipa jina la mmisionari wa Unyamwezi, inaeleza kwa nini Kiswahili kina *kiti* na Kikuyu *gĩtĩ*: *k* hughunika ikifuatwa na konsonanti isiyo ghuna katika silabi inayofuata. Katika *kĩrĩma*, mlima, hubaki *k*. Ni jamaa wa kanuni ambayo Grassmann aliitoa 1863 kuhusu Kisanskriti na Kigiriki.

Tofauti ni kwamba Mame Bantu, lugha ya kale zilikotoka lugha za Kibantu, haikuandikwa, na hakuna Boğazköy ya kuchimbwa. Mtafiti wa Kibantu hutafuta Kihiti chake katika lugha zilizo hai, hasa za Kamerun na jirani zake, ambako tofauti ni nyingi kuliko huku mashariki na ambako zipo lugha zisizo na kamusi hadi leo.