Ua wa Kuchongwa (Nakuru na Bonde la Ufa la Kati)

Ua wa kuchongwa ni uzio wa miti hai unaokatwa mara kwa mara ili ushike umbo: ukuta ulionyooka, tao juu ya lango, pengine hata mpira au ndege. Mjini Nakuru na katika mashamba ya Njoro, Molo na Subukia, mimea miwili hutumika sana. Wa kwanza ni saiprasi, iliyotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Wa pili ni kayaba (Dovyalis caffra), mchongoma wa kusini mwa Afrika wenye miiba mirefu na matunda ya manjano, machachu ajabu.

Ua usiokatwa kwa miaka hurefuka, hutanuka kileleni na kuinyima jua sehemu ya chini. Huko chini majani hupukutika, ikabaki mianya ya kuku na mbwa. Namna ya kuufufua hutegemea mmea wenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kayaba ni mvumilivu. Hata ikikatwa ikabaki visiki vya kimo cha goti, huchipua tena. Ikatwe masika yanapoanza, Machi au Aprili, ili machipukizi yakomae kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari. Afadhali upande mmoja mwaka huu na wa pili mwaka ujao, boma lisibaki wazi. Samadi shinani husaidia. Machipukizi yapunguzwe ncha yangali laini ili yatoe matawi mengi, na ua uachwe mpana chini kuliko juu. Miiba iliyoanguka ifagiliwe yote, maana hutoboa kandambili na gurudumu la baiskeli vilevile.

Saiprasi ni kinyume chake. Tawi lake kuukuu lisilo na majani halichipui. Mkasi ukipita sehemu ya kijani, pengo halizibiki tena. Kinachowezekana ni kunyoa juu juu na kupunguza kimo kidogo kidogo. Tena, si kila saiprasi iliyokauka ilitelekezwa. Vidukari vya saiprasi, vilivyoonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, hufyonza utomvu na kukausha matawi kuanzia ndani, na nyua zilizotunzwa vizuri pia ziliangamia. Baadaye waliletwa nyigu wadogo wanaovishambulia.

Saiprasi iliyokufa katikati ya safu haifai kuhangaikiwa. Ing'olewe na kisiki chake, pengo lipandwe miche ya kayaba, hata kama rangi hazitalingana.