Msumeno wa nakshi: Siri ni mkazo wala si bei

WAHENGA walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, jembe lenye mpini uliolegea humchosha hata mkulima hodari, na ndivyo ilivyo kwa msumeno wa nakshi, mashine ndogo ya umeme inayopendwa na watu wanaofanya useremala kama uraibu.

Si nadra kumwona mtu akiinunua mashine hii kwa hamu kubwa, akakata vipande vitatu vinne vya mbao, kisha akaifunika gunia na kuisukuma pembeni. Husema kwamba inatetemeka, inakata mshazari, ama inavunja bledi kila baada ya dakika chache. Aghalabu huwa anailaumu bure. Nyingi za kasoro hizo hutokana na bledi na jinsi ilivyofungwa, na huondolewa kwa vifaa ambavyo seremala yeyote anavyo.

Umbo na kazi yake

Msumeno wa nakshi una kitako kizito, meza ndogo ya chuma na mikono miwili, mmoja juu ya meza na mwingine chini yake. Kati ya mikono hiyo hufungwa ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, ambao mafundi wengi huuita bledi. Mota huipandisha na kuishusha bledi hiyo, naye fundi huusukuma ubao taratibu kwa mikono yake, akiugeuza kufuata mchoro.

Sifa kuu ya msumeno huu ni kwamba bledi yake inaweza kufunguliwa upande mmoja, ikapitishwa katika tundu dogo lililotobolewa kwa keekee, kisha ikafungwa tena. Kwa njia hiyo fundi hukata umbo la ua, nyota au herufi katikati ya ubao bila kuupasua ukingo. Aliyewahi kutembea katika Mji wa Kale wa Mombasa na kuinua macho kwenye roshani za mbao anaujua uzuri wa nakshi za kutoboa.

Uraibu wenyewe si mgeni duniani. Katika karne ya 19, kabla ya umeme kuenea majumbani, misumeno ya aina hii iliendeshwa kwa miguu mithili ya cherehani. Kampuni ya W. F. & John Barnes ya mji wa Rockford, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoitengeneza. Nchini Uingereza, mwaka wa 1895 lilianzishwa jarida la Hobbies, lililowapa wasomaji michoro ya kukata wakiwa nyumbani.

Kabla ya kununua

Jambo la kwanza la kutazama ni umbali kutoka kwenye bledi hadi kwenye nguzo ya nyuma, kwa kuwa ndio unaoamua ukubwa wa ubao unaoweza kugeuzwa. Mashine nyingi za nyumbani zina inchi 16. Zipo kubwa zaidi, kama vile DeWalt DW788 yenye inchi 20, ambayo kasi yake hurekebishwa kuanzia mipigo 400 hadi 1,750 kwa dakika.

Jambo la pili ni vibano vinavyoishika bledi. Baadhi ya mashine hukubali tu bledi zenye pini ndogo kila upande. Bledi hizo ni rahisi kufunga, lakini pini huhitaji tundu la takriban milimita tano ili ipite. Anayetaka kukata nakshi ndogo na achague mashine inayokubali bledi zisizo na pini, kwani hizo hupita katika tundu dogo mno.

Jambo la tatu, na ambalo limewaponza wengi wanaonunua mashine zilizotumika ng'ambo, ni umeme. Mashine iliyotengenezewa soko la Marekani huandikwa volti 120 na hezi 60, ilhali umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, huenda mota ikaungua papo hapo. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Kwa hivyo, mota ambazo kasi yake hufuata hezi huzunguka polepole zaidi kwa takriban sehemu moja kati ya sita, na zinaweza kupata joto kupita kiasi. Soma kibati kilichobandikwa kwenye mota kabla ya kutoa pesa zako.

Ikiwa mashine ni kuukuu, hakikisha haijachomekwa, kisha ushike mkono wa juu na kuutikisa kulia na kushoto. Ukicheza sana, vishikizo vyake vimelika. Halafu izungushe mota kwa mkono na usikilize iwapo kuna mkwaruzo ama pigo lolote.

Kuijua bledi

Bledi ya kawaida ina urefu wa inchi tano. Unene na upana wake hutajwa kwa nambari: kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo bledi inavyokuwa pana na nene. Nambari 5 hufaa kwa kazi nyingi za mbao zenye unene wa robo tatu ya inchi. Kwa plaiwudi nyembamba ya robo inchi, nambari 1 au 2 hukata kwa unadhifu zaidi. Kanuni ya kukumbuka ni kuwa meno yasiyopungua matatu yanapaswa kuwa ndani ya ubao wakati wote, la sivyo bledi itaurarua.

Meno huelekezwa chini, ili ubao ukandamizwe mezani badala ya kurushwa juu. Zipo bledi ambazo meno machache ya mwisho yameelekezwa juu kimakusudi. Hizo hupunguza nyuzinyuzi zinazochomoza upande wa chini wa ubao, na huwafaa sana wanaokata plaiwudi.

Hapa kuna siri inayowatatiza wanagenzi wengi. Bledi nyingi, kutokana na jinsi zinavyotengenezwa, huwa na ukali zaidi upande mmoja. Matokeo yake ni kwamba ukiusukuma ubao moja kwa moja, mkato huhepa mstari, aghalabu kuelekea kulia. Hiyo si kasoro ya mashine. Fundi mzoefu huuelekeza ubao kwa pembe ndogo ili mkato ufuate mstari. Anayeikaza bledi kwa nguvu akitaka kuikomesha tabia hiyo ataivunja tu.

Jambo jingine ni kwamba bledi ni kitu cha kutumiwa na kutupwa. Inapoanza kukulazimisha kusukuma kwa nguvu, ama inapouunguza ubao, maisha yake yamekwisha. Ubahili wa bledi moja umeharibu vipande vya mbao vyenye thamani kubwa kuiliko.

Kurekebisha mashine

Marekebisho ya kwanza ni mkazo. Bledi iliyolegea hupinda katikati ya ubao, na ukingo wa mkato huwa na tumbo badala ya kuwa wima. Iliyokazwa kupita kiasi hukatika. Zima mashine, uchomoe waya kwenye soketi, kisha uiguse bledi kwa kidole kama apigaye uzi wa gitaa. Ikiwa mkazo ni sawa, itatoa mlio mwembamba ulio wazi. Ikitoa sauti nzito iliyokufa, iongeze mkazo. Waweza pia kuisukuma upande kwa kidole: isisogee zaidi ya milimita tatu hivi.

Marekebisho ya pili ni pembe ya meza. Usiuamini mshale ulio chini ya meza, kwani mara nyingi haukupangwa kwa usahihi kiwandani. Weka mraba mdogo wa seremala mezani kando ya bledi, kisha uirekebishe meza hadi pasiwe na mwanga kati ya mraba na bledi.

Asiye na mraba mdogo ana njia nyingine. Chukua kipande cha mbao nene chenye pande zilizonyooka na ukitie mkato mfupi wa milimita mbili au tatu. Zima mashine, zungusha kipande hicho juu ya meza hadi nyuma ya bledi, na ujaribu kuiingiza bledi katika mkato ule ule. Ikiingia bila kusukumwa, meza imekaa nyuzi 90 barabara. Ikikataa, isogeze meza kidogo na ujaribu tena. Kosa dogo la pembe huonekana wazi mtu anapokata vipande vya fumbo la kupanga, kwani vipande hivyo hugoma kutoka upande mmoja.

Marekebisho ya tatu ni kuzuia mtetemo. Mashine iliyowekwa tu juu ya meza nyepesi hucheza na kumchosha mkataji. Ifunge kwa boliti kwenye benchi zito lililokaa imara sakafuni. Kipande cha mpira kilichowekwa chini ya kitako husaidia pia, na mfuko wa mchanga juu ya ubao wa chini wa benchi huongeza uzito bila gharama kubwa.

Kuhusu kasi, mbao ngumu kama mvule huhitaji mwendo wa wastani na subira. Ukiona ukingo unageuka mweusi, punguza kasi, badilisha bledi, au ubandike utepe wa plastiki unaong'aa juu ya mchoro kabla ya kukata. Utepe huo hupunguza msuguano na joto.

Utunzaji

Adui mkubwa wa mashine hii ni vumbi. Baada ya kazi, lifagie kwa brashi laini kutoka kwenye vibano, chini ya meza na kwenye matundu ya kupoza mota.

Bledi ikizoea kuchomoka, usikimbilie kununua vibano vipya. Bledi mpya huwa zimepakwa mafuta ili zisishike kutu. Futa ncha zake kwa kitambaa chenye spiriti, kisha uzikwaruze kidogo kwa msasa. Kagua pia skrubu za vibano: ncha yake ikiwa imebonyea ama kung'aa, isawazishe kwa tupa.

Meza ya chuma ipakwe nta ya fanicha na kusuguliwa hadi ing'ae, ili ubao uteleze bila kukwama. Epuka vilainishi vyenye silikoni, kwa kuwa vikishika kwenye mbao, vanishi hukataa kushikamana nayo. Viungo vya mikono vinavyohitaji mafuta vitiwe matone machache kama kijitabu cha mashine kinavyoagiza, lakini beringi zilizofunikwa kabisa haziongezwi chochote. Unapomaliza kazi ya siku, legeza mkazo ili mikono ipumzike.

Usalama wa mkataji

Msumeno huu huhesabiwa kuwa mpole ukilinganishwa na ule wa duara, lakini kidole hakiamini maneno hayo. Usikipitishe mbele ya bledi, na usibadilishe bledi kabla ya kuchomoa waya. Vaa miwani, kwa sababu bledi inayokatika hurusha ncha.

Hatari isiyoonekana ni ile ya mapafu. Mwaka wa 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiorodhesha vumbi ya mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi ya mvule nayo hujulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua pumzi. Barakoa inayozuia vumbi laini na chumba chenye hewa ya kutosha si anasa, hata kwa anayekata saa moja tu jioni.

Mkato unapoharibika

Kwa muhtasari, kasoro inapotokea, fuata utaratibu huu kabla ya kuilaani mashine. Kwanza, kagua iwapo bledi ni butu au imefungwa juu chini. Pili, pima mkazo. Tatu, hakiki pembe ya meza. Nne, jiulize iwapo mikono yako inausukuma ubao kwa pupa. Kasoro ikiendelea baada ya hayo yote, ndipo uangalie viungo na mota.

Atakayefuata utaratibu huo atagundua kwamba hata mashine ya bei nafuu hukata nakshi za kupendeza, na kwamba ile ya bei ghali, bledi yake ikilegea, huharibu mbao sawasawa na nyingine yoyote. Mchagua jembe huenda si mkulima, lakini anayelikaza mpini na kulinoa hungojea mavuno kwa matumaini.